Nyumba nafuu Mbeya na Iringa: tuanze na kiwanja, kisha chumba cha kupanga

Mjadala wa nyumba za bei nafuu katika miji yetu huishia kwenye picha moja: safu ya nyumba zinazofanana, mabati ya rangi moja, kiongozi anakata utepe na kumkabidhi mtu funguo. Nyumba za namna hiyo zina nafasi yake. Lakini anayeijua Mabatini, Ilomba, Isanga au Ilemi anajua kwamba wakazi wengi wa Mbeya hawaishi humo. Wanaishi kwenye nyumba ambayo mtu binafsi ameijenga kwa miaka, leo msingi, mwakani kuta, mwaka mwingine bati, au kwenye chumba walichopangishwa na mtu huyo. Yeye ndiye mjenzi mkuu wa jiji hili. Mashirika na kampuni zote kwa pamoja hazimfikii. Kwa hiyo tunapozungumza makazi, tujiulize kwanza tumemwandalia nini yeye, na tumemwandalia nini mpangaji wake.

Ukubwa wa kazi unahesabika. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikakuta 541,603. Ni ongezeko la watu zaidi ya 156,000 kwa miaka kumi. Tukikadiria kaya moja kuwa na watu wanne, jiji lilihitaji makao mapya karibu 3,900 kila mwaka, zaidi ya kumi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Manispaa ya Iringa ilitoka watu 151,345 hadi 202,490 katika kipindi hichohicho; kwa kadirio lilelile ni makao kama 1,280 kwa mwaka. Na yote hayo yalipatikana. Watu hao hawalali barabarani. Makao yalijengwa, ila mengi yalijengwa kabla ya barabara, kabla ya bomba la maji, kabla ya mtu yeyote kuchora mstari kwenye ramani.

Kwa nini nyumba iliyokamilika humpita mwananchi wa kawaida

Tuchukue nyumba ya Sh milioni 50. Kwa muda mrefu mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Kwa asilimia 15 na marejesho ya miaka 20, mkopaji atalipa kama Sh 658,000 kila mwezi. Akimaliza atakuwa ametoa karibu milioni 158 kwa nyumba ya milioni 50. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba makazi yasile zaidi ya theluthi moja ya kipato. Basi mtu huyo anatakiwa aingize karibu milioni mbili kwa mwezi.

Sasa geuza hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni Sh 500,000. Theluthi yake ni kama 166,000, na kwa masharti yaleyale inabeba mkopo wa milioni 12 na ushee. Nyumba iliyokamilika ya milioni 12 utaitafuta mpaka uchoke. Na huyo ni mtu mwenye mshahara unaopita benki. Mama anayeuza parachichi Mwanjelwa, dereva wa bajaji wa Kabwe, fundi cherehani wa Soweto, hao hawana karatasi ya kumwonyesha ofisa mikopo, hata kama mwezi mzuri mapato yao yanampita mwalimu anayeanza kazi.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, halikwepi hesabu hiyo. Linakopa kama wengine, na mara nyingi gharama ya kuvuta maji, umeme na barabara hadi kwenye mradi huingia kwenye bei ya nyumba. Sioni haki kulilaumu kwa kuuza ghali. Kosa letu ni kulitazamia lifanye kazi ambayo hesabu yake haikubali.

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini yeye huikwepa riba kwa kujenga polepole. Vifaa viko karibu naye kuliko mtu wa Pwani: tofali za kuchoma zinatoka bondeni kwake, mbao zinatoka Mufindi na Njombe, saruji inatengenezwa Songwe. Akiuza mahindi au viazi anaongeza kozi kadhaa. Akipata mchezo wa vikoba anafunga linta. Mwaka wa mavuno mazuri anapaua, anahamia chumba kimoja chenye mlango, vingine vinasubiri. Wapita njia huliona pagale kama uchafu wa mji, lakini pagale ni akiba ya familia iliyowekwa kwenye tofali, na haina riba.

Kinachomwangamiza mjenzi huyu ni kujenga pasipo uhakika. Akiweka akiba ya miaka kumi na miwili mahali ambapo barabara itapita, au kwenye mkondo wa maji ya mvua yanayoteremka kutoka safu ya Loleza, amepoteza kila kitu kwa siku moja. Hapo ndipo halmashauri inapohitajika, na si kwa kumjengea.

Kiwanja kabla ya nyumba

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, hati ya mjini hutolewa kwa kipindi maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Kabla ya hati kuna hatua mbili ambazo wengi hawaziangalii mpaka mgogoro uzuke. Kwanza ni kupanga: mtaalamu wa mipango miji anachora mchoro unaoonyesha barabara, shule, soko, zahanati, mifereji, makaburi na viwanja, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Pili ni kupima: mpimaji anahamishia mchoro huo ardhini, anasimika bikoni, yaani alama za mipaka, na ramani yake inaidhinishwa. Ndipo inakuja kumilikisha. Maofisa wa ardhi huziita hatua tatu hizo KKK.

Miji yetu imezoea kwenda kinyumenyume. Mwenye shamba anamega eka yake vipandevipande, mnunuzi anakuja na mashahidi, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, nyumba inapanda. Njia inayobaki ni ile ambayo kila jirani ameona inatosha kwake kupitisha toroli. Miaka kumi na tano baadaye unakuja urasimishaji, yaani kupanga na kupima kile ambacho tayari kimesimama.

Urasimishaji una faida zake, na siupingi. Unampa mtu karatasi anayoweza kuipeleka benki, unapunguza ugomvi wa mipaka, unampa mjane cha kushika ndugu wa marehemu wanapokuja. Lakini hauwezi kuzaa barabara mahali ambapo nyumba zimegusana. Ili gari la zimamoto lipite, kila mwenye nyumba atoe mita moja au mbili, na ambaye mita zake ni choo na jiko atataka fidia. Shule nayo haipati mahali tena.

Tuna ushahidi wa jambo hili nyumbani kwetu, na ninashangaa jinsi unavyozungumzwa kidogo. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Awamu ya kwanza, iliyoanza 1974, iliihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Ya pili ikaingiza miji mingine, Iringa ikiwemo. Mradi ulifanya kazi za aina mbili. Sehemu nyingine walichukua ardhi tupu, wakachora viwanja, wakapitisha barabara na maji, wakawaachia watu wajenge wenyewe. Sehemu nyingine waliingia kwenye mitaa iliyokwisha kujengeka bila mpango na kuiboresha. Miongo minne baadaye wachumi walirudi kulinganisha, na utafiti wao ulichapishwa 2021. Mitaa iliyopangwa ikiwa tupu ilikuwa na nyumba bora zaidi, kubwa zaidi, na njia zilizonyooka. Mitaa iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuonyesha tofauti nzuri ya namna hiyo ikilinganishwa na mitaa ambayo haikuguswa kabisa.

Hakuna aliyewajengea nyumba wale wa kundi la kwanza. Walipewa mstari ulionyooka na uhakika kwamba hautahamishwa, wakajenga kwa mfuko wao wenyewe. Nikiulizwa shilingi ya mwisho ya bajeti ya makazi ya halmashauri iende wapi, jibu langu ni hapo.

Swali linalofuata ni ukubwa wa kiwanja, na hapa ndipo neno nafuu linapoamuliwa, chumbani kwa mchoraji, bila kelele. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tuseme asilimia 30 inakwenda kwenye barabara na huduma. Zinabaki 7,000. Kwa viwanja vya mita za mraba 600 unapata 11. Kwa viwanja vya 300 unapata 23. Kama kila moja kati ya zile kaya 3,900 za Mbeya ingepewa kiwanja chake cha mita 600, jiji lingemeza zaidi ya hekta 330 kila mwaka, sawa na kilomita za mraba tatu na zaidi. Kwa viwanja vya 300 ni nusu yake. Bomba la maji na nguzo za umeme zinazopita mbele ya nyumba 23 zinagawanywa kwa watu 23, kwa hiyo kila mmoja anabeba mzigo mdogo. Halmashauri inayopima viwanja vikubwa pekee imeshachagua wakazi wake, hata kama haijasema. Wasioviweza hawatoweki mjini; wanakwenda kununua kipande kisichopimwa mtaa wa pili.

Na ardhi yenyewe itoke wapi? Mbeya imebanwa. Kaskazini ni milima, kusini ni vilima vya Uporoto, na jiji limejinyoosha kando ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, kuanzia Uyole hadi Iwambi. Iringa imekaa juu ya kilima, Mto Ruaha Mdogo ukipita bondeni Ipogolo. Ardhi inayopimika kwa urahisi pembezoni ni mashamba ya watu. Njia ya zamani ni kuwalipa fidia, kupima na kuuza. Mkulima akiona shamba alilofidiwa limeuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya fidia yake, anaona ameibiwa, na jirani yake anaamua kuuza kimyakimya kabla wapimaji hawajafika. Hivyo ndivyo vipande visivyopimwa huzaliwa.

Kuna njia ya haki zaidi ambayo baadhi ya halmashauri nchini zimeijaribu: kugawana viwanja badala ya kulipa fidia taslimu. Mkulima mwenye eka moja ana mita za mraba zipatazo 4,047. Toa asilimia 30 ya barabara na huduma, zinabaki kama 2,830, ambazo ni viwanja tisa vya mita 300. Tuseme anabaki na vitano, vinne vinauzwa kulipia upimaji na kuchonga barabara. Vitano vyake, sasa vina bikoni na njia ya gari, vinaweza kumpa fedha nyingi kuliko eka nzima ya mahindi. Anauza kimoja, anajenga kwenye kingine, vitatu vya watoto. Mgawanyo halisi ni wa kukubaliana kwenye mkutano, lakini mantiki yake ni hiyo. Panapokosekana mtaji wa kuanzia, Wizara ya Ardhi imekuwa ikizikopesha halmashauri fedha za KKK bila riba, zirudishwe viwanja vikiuzwa.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka kwenye viwanja. Hati huja na sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya muda, kwa kawaida miezi 36. Sharti hilo lilikusudiwa kuzuia walanguzi, na bado mitaa iliyopimwa vizuri ina vichaka katikati vinavyosubiri bei ipande. Wakati huohuo anayejenga kwa hatua anaishi na hofu ya muda kumwishia. Ningependa sharti lihesabu msingi na chumba kimoja chenye bati kuwa ni uendelezaji, kisha liwabane kwa nguvu wale wenye viwanja sita ambavyo havijawahi kuona jembe wala koleo.

Chumba ndicho nyumba ya bei nafuu tuliyo nayo

Anayefika Mbeya kutoka Rungwe, Mbozi au Makete kutafuta maisha hahitaji kiwanja. Anahitaji chumba, wiki hii, karibu na mahali penye kibarua. Mpango wa makazi usiomtaja umemsahau mtu wa kwanza kufika mjini.

Tulikuwa na jibu zuri la mtu huyu, na bado liko. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, uani choo, bafu na jiko, iliwezesha familia moja ijenge, ikae vyumba viwili na kupangisha vinne. Kodi ya wapangaji ilimalizia plasta na dari. Watu wa vipato tofauti walikaa paa moja, na bibi mwenye nyumba alikuwa ndiye mlezi wa watoto wa mpangaji akiwa sokoni. Ina udhaifu wake: choo kimoja kwa kaya tano kinaleta magomvi na maradhi, na hakuna faragha. Ndiyo maana sasa wapangaji wanataka chumba na sebule, au masta yenye choo chake. Lakini mitaa mipya inachorwa kana kwamba kila kiwanja kitakaa baba, mama, watoto na gari, na kibali cha ujenzi kinaombwa kwa ramani ya nyumba ya familia moja. Vyumba vya uani vinaongezwa baadaye kwa kujificha, vikiziba dirisha la jirani, shimo la choo likichimbwa mita chache kutoka kisima.

Ingekuwa heri kuvikubali tangu mchoro wa kwanza. Ramani za mfano, zilizokwisha kuidhinishwa, zingeweza kupatikana ofisi za kata: nyumba ya vyumba viwili inayoongezeka hadi sita, safu ya vyumba vinne vyenye vyoo vyake, nyumba ya ghorofa moja yenye fremu chini na wapangaji juu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeshafanya kazi ya tofali za kufungamana zinazookoa saruji. Kwa Mbeya na Iringa zina faida ya ziada, kwa kuwa hazihitaji kuni za tanuru.

Tatizo jingine la mpangaji ni namna ya kulipa. Chumba cha Sh 50,000 kwa mwezi si ghali kwa anayefanya kazi. Lakini akitakiwa alipe miezi sita kwa mkupuo, na dalali adai mwezi mmoja wake, mlango unafunguka kwa Sh 350,000. Kijana aliyeshuka stendi na begi lake hana fedha hizo. Sheria ya udhibiti wa pango ya 1984 ilifutwa 2005, na kwa sasa makubaliano ni ya wawili hao. Sitamani bei zirudi kupangwa na Serikali. Mwenye nyumba asiyeweza kukarabati huacha bati livuje. Lakini mkataba wa maandishi na ukomo wa malipo ya mbele, tuseme miezi mitatu, ungewafungulia wengi mlango bila kumpunguzia mwenye nyumba hata shilingi. Hata kodi ya majengo humfikia mpangaji: tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, sasa Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji.

Iringa ina sura yake. Mji mdogo umebeba Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na wanafunzi wasiopata hosteli wanapanga mitaani. Wanafunzi watatu wakichanga wanalipa kuliko mama mwenye watoto watatu, na ni haki ya mwenye nyumba kuwachagua. Kila kitanda ambacho chuo kinaongeza ndani ya uzio wake ni chumba kinachorudi kwa familia katika mitaa ya Kihesa au Mkwawa. Mipango ya upanuzi wa vyuo ingejadiliwa meza moja na mipango ya makazi ya manispaa.

Mbali nako kuna gharama yake

Kiwanja cha bei rahisi pembezoni kinaweza kuwa ghali kuliko chumba cha mjini. Anayelipa nauli ya Sh 2,000 kwa siku kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, anamaliza mwezi akiwa ametoa 52,000. Hiyo ni kodi ya chumba kingine. Ndiyo sababu mchanganyiko wa nyumba hauna budi kuwa ndani ya mtaa mmoja, pamoja na kazi: viwanja vidogo na vikubwa kwenye mchoro mmoja, ghorofa za chini kando ya njia za daladala, vyumba karibu na soko. Mitaa ya kale ya kikoloni iliwatenga watu, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na ukubwa wa viwanja ndio ulikuwa ukuta. Tukiendelea kuchora eneo zima la ujazo mdogo, yaani viwanja vikubwa, hapa na eneo zima la ujazo mkubwa, yaani viwanja vidogo, kule, tunaujenga upya ukuta uleule.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya ghorofa kwa hati yake. Imetumika zaidi kwenye majengo makubwa, lakini haikatazi ndugu watatu kujenga ghorofa mbili Block T kwenye kiwanja cha mzee wao, kila mmoja na hati yake, badala ya kuuza na kuhamia Isyesye, pembezoni mwa Mbeya.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya mipango iitishe mkutano wa wadau, wenye ardhi wakiwemo, inapoandaa mpango wa eneo. Mkutano huo ukiitishwa mtaani kwako, nenda ukiwa na maswali. Viwanja vingapi ni vya mita 300 au chini yake? Maji na barabara vinalipiwa na nani, na lini? Mwenye shamba anabaki na viwanja vingapi? Vyumba vya kupangisha vinaruhusiwa, na vyoo vyake vitakaa wapi? Kisha omba uonyeshwe kwa kidole kwenye ramani lilipo eneo la shule na la makaburi, na uandike namba zake, kwa sababu maeneo ya umma ndiyo huwa ya kwanza kumegwa.